Grafu inasema mtaa ni msafi, taka zimejaa mlangoni. Hivi tunaonekana mazuzu?

Wakuu, nimetoka mkutano wa mtaa nimevurugwa. Mkandarasi wa taka kaja na projekta na kijana kavaa tai. Katuonyesha nguzo mbili: ya mwaka jana fupi, ya mwaka huu ndefu mara nne. Watu makofi! Nikasogea mbele nisome namba. Ile fupi ni asilimia 82 ya nyumba zinazofikiwa na gari, ile ndefu 88. Kumbe mstari wa pembeni umeanzia 80, sio sifuri! Pointi sita tu, zikavimbishwa hivyo.

Likafuata grafu ya duara, rangi nane, limelazwa kiubavu kama chapati inayoteleza kwenye sahani. Kipande cha mbele lazima kionekane kinono. Wanatakwimu Cleveland na McGill walishapima haya kule Marekani, 1984: jicho hulinganisha vitu vilivyoanzia mstari mmoja vizuri kuliko pembe, kama za vipande vya duara.

Mama mmoja wa huku kwetu bondeni akauliza, "Mwanangu, mbona gari hatujaliona toka mfungo uishe?" Jibu: "Mama, hizi ni takwimu, zinataka mtu aliyesoma." Mtu mzima anajibiwa hivyo mbele za watu! Na mama mwenyewe ndiye mweka hazina wa kikoba, marejesho ya wanachama wote anayo kichwani.

Tena swali lake ndilo lilikuwa la maana kuliko grafu zote. Ile asilimia 12 iliyobaki haijatawanyika mtaa mzima. Ni sisi wa bondeni, wastani umetumeza. Daktari John Snow, London 1854, alichora vistari vya waliokufa kwa kipindupindu nyumba kwa nyumba, vikajazana kuzunguka pampu ya maji ya Broad Street. Hapo nani atauliza maana yake? Na msiniambie mswahili haelewi ramani. Mradi wa Ramani Huria ulianza hapahapa Dar 2015, wakazi na wanafunzi wa vyuo wakapita Tandale na kwingineko wakichora mitaro na maeneo ya mafuriko.

Hadithi wamesimulia, tamu kweli, ila sisi hatumo.

Ada mpya wanataka tuipitishe mkutano ujao. Mimi nataka ramani ya mtaa yenye nukta nyekundu kwa kila nyumba ambayo gari halifiki. Anayejua kuitengeneza aje inboksi. Na wewe mjumbe, najua unasoma humu: lile faili la projekta tunaliomba, lenye namba zake zote.