Mashine ya boti inakata ikipata moto, ikipoa inawaka. Mafundi wa Kigoma naombeni msaada

NahodhaKibirizi

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana hapa nilipo nimechoka kabisa. Nina mashine ya zamani ya kuchanganya petroli na oili, farasi 40, silinda mbili, ya kuvuta kamba, nimefunga kwenye boti la mbao nabeba abiria na mizigo Kibirizi kwenda Mwamgongo. Asubuhi inawaka kamba ya pili tu. Tukishapita Mtanga, kama nusu saa ya mwendo hivi, inakata ghafla kama mtu kazima swichi. Haikohoi, haipungui nguvu, inakata tu. Unavuta kamba mpaka bega linawaka moto, hola. Tukikaa dakika ishirini inawaka kamba ya kwanza, tunaenda kidogo inakata tena.

Kabureta nimefungua nikaosha mara mbili, chujio la petroli jipya, plagi zote mbili mpya. Fundi wa kwanza kasema CDI (kile kiboksi cha umeme kinachopiga moto wa plagi) imekufa ninunue, wa pili kasema pistoni zimechoka nikachonge silinda. Hela yote hiyo sina na wakikosea sina pa kuanzia tena.

Kinachoniuma ni watu ninaobeba. Juzi imekata mbele ya Gombe na upepo wa kusini ulishaanza, nina akina mama wawili na watoto mgongoni, nanga huwezi kushusha maana pale mlima unaingia majini moja kwa moja, hili ziwa Tanganyika lina sehemu linafika mita 1,470 kwenda chini. Tulipiga makasia mpaka pwani. Sitaki yarudi.

FundiUjiji

Pole sana ndugu yangu, na hongera kwa kuwa na makasia, kuna manahodha hawabebi. CDI usinunue kwanza. Ulivyoeleza kwamba inakata kama swichi tayari umetupa nusu ya jibu. Mashine inayokosa petroli inapungua, inapandisha na kushusha, ndo inakufa. Inayokosa moto wa plagi inakata hapohapo. Na silinda zote mbili zimekata kwa pamoja, kwahiyo achana na plagi, kofia ya plagi, koili ya plagi (kama kila silinda ina yake), hivyo kwa kawaida vikifa vinaua silinda moja na nyingine inabaki inavuta kwa unyonge. Tafuta kitu ambacho silinda zote mbili wanakula sahani moja. Vipo vichache: koili ya kuchaji inayoilisha CDI umeme, iliyo chini ya flaiwili (lile gurudumu zito lenye sumaku), ile koili ndogo inayoiambia CDI sasa piga, CDI yenyewe, na waya wa kuzimia.

Tatizo la wengi wanapima mashine nchi kavu ikiwa baridi, na ikiwa baridi nzima kabisa si unaona inawaka. Pima palepale ilipokatia, ndani ya dakika mbili, kabla haijapoa. Chomoa plagi zote mbili, zirudishe kwenye kofia zake, vyuma vyake viguse bodi ya injini vizuri (usiziache zinaning'inia, moto ukikosa pa kwenda unarudi kuchoma CDI), sogeza tenki na ufute petroli yoyote iliyomwagika, halafu mwenzako avute kamba. Moto mzima ni wa bluu na unasikika unapiga tak tak. Ukiwa wa njano mwembamba au hakuna kabisa, umepata. Jua kali hauoni vizuri, kinga na kofia au kanga.

DagaaKatonga

Fundi yuko sahihi ila kabla ya kufungua flaiwili angalia kifuniko cha tenki. Kile kiskrubu cha hewa juu kikiwa kimefungwa petroli inanyonywa mpaka tenki linakunjamana, mashine inakufa baada ya nusu saa, ukikaa hewa inaingia taratibu inawaka tena. Ni dalili hiyohiyo ya kwako! Mimi nilihangaika mwezi mzima wa dagaa kwa ajili ya kiskrubu. Ikikata minya ile pampu ya mpira ya mkononi, ikiwa laini imenywea basi ni petroli, ikiwa ngumu imejaa rudi kwa fundi.

MamaMgebuka

Mimi ni mmiliki sio fundi lakini naongea nilichokiona. Boti langu lilikuwa linazima hivyohivyo, wakanibadilishia koili mbili bila mafanikio. Mwisho kijana mmoja akachomoa waya wa swichi ya kuzimia, ile yenye kamba nyekundu nahodha anayojifunga, mashine ikaenda safari nzima. Ndani ya swichi kulikuwa na maji na kutu ya kijani. Kwa hizi mashine za zamani swichi haikati moto, inauzamisha kwenye bodi, kwahiyo waya ukichubuka popote ukagusa chuma ni sawa na umezima. Kwako mwanangu chomoa ujaribu, ila ni kwa kupima tu. Ukiendesha bila swichi ukidondoka majini boti linakuacha au linakurudia na panga zake.

NahodhaKibirizi

Shikamoo mama, na asanteni wote. Leo nimeenda bila abiria, mimi na mdogo wangu tu. Imekata palepale. Pampu ya mpira ngumu kama jiwe, kiskrubu cha tenki kiko wazi. Plagi nimechomoa zimelowa petroli na hakuna moto hata kidogo, zote mbili. Nikachomoa waya wa kuzimia, bado hakuna. Tukasubiri kama robo saa, mdogo wangu anavuta mimi naangalia, ukaanza moto mwembamba wa njano, baadae ukawa bluu. Nimeuona kwa macho yangu unarudi.

FundiUjiji

Basi hapo tumebakiwa na vitatu, na kwa uzoefu wangu koili ya kuchaji inaongoza. Waya wake mwembamba kama unywele, ukishakaa miaka mingi vanishi inachoka, ukipata joto unatanuka unaachana, ukipoa unagusana tena. Huna haja ya kufungua flaiwili kupima, fuata waya zake mpaka kwenye soketi, chomoa, weka mita kwenye oms. Andika namba ikiwa baridi ulinganishe na kitabu cha mashine, halafu uipime tena ikishakata. Hiyo ya pili ndo yenye maana.

FundiPikipikiTabora

Nawasalimia kutoka Tabora wakuu. Ziwa sina ila magneto za pikipiki (sumaku na koili za kutengeneza moto wa plagi) ndo kazi yangu na ugonjwa ni mmoja. Koili ikisoma mbovu ikiwa ya moto, naomba uangalie mambo haya ukitoa flaiwili. Tumia pula (kifaa cha kuvutia flaiwili itoke), USIPIGE NYUNDO, sumaku zimegandishwa kwa ndani zikipasuka au kubanduka unatafuta flaiwili nyingine. Kuna kijichuma cha nusu mwezi kinashika flaiwili kwenye shafti, kikague, kikiwa kimekatwa hata kidogo taimingi (wakati wa plagi kupiga moto) inahama na mashine itakupiga mkono kwa kamba. Futa shafti iwe kavu bila grisi. Na angalia waya zinapopita, kwenye nyingi za zamani ile sahani ya koili inazunguka kila ukikoleza mafuta, kwahiyo waya zinapinda maelfu ya mara, zinakatika ndani huku mpira wa nje mzima. Zipinde kwa mkono huku mita imefungwa.

NahodhaKibirizi

Wakuu nimerudi. Ikiwa baridi ilisoma 140 na kitu, imetulia. Ilipokata ikasoma inaruka, mara 900, mara mita inaonyesha hakuna kitu. Nikapinda waya kama fundi wa Tabora alivyosema, waya nzima, ni koili. Tulivyotoa flaiwili kwa pula tumekuta koili ya kuchaji upande mmoja imetoa utomvu wa kahawia, umechuruzika ukagandia kwenye sahani, na imepasuka ufa unaoingia kucha. Ile nyingine ndogo safi kabisa. Kijichuma cha nusu mwezi kizima.

Nimepata koili iliyotumika kwa jamaa mwenye mashine iliyokufa kwa ajili ya pistoni, 60,000, kabla ya kumlipa nimeipasha kwenye bati juani tangu saa nne mpaka saa nane na mita imefungwa, namba ilipanda kidogo ikatulia. Nimefunga jumamosi. Leo nimeenda Mwamgongo na kurudi, sijaachia mafuta hata sehemu moja, haijakata. Swichi ya kuzimia pia nimefungua, mama, ilikuwa na kutu, nimeweka mpya.

FundiPikipikiTabora, hii koili mbovu nikikutumia kwa basi unaweza kuisuka upya? Nataka iwe ya akiba kwenye boti, mfukoni kwenye nailoni pamoja na pula.

FundiPikipikiTabora

Tuma. Ila usiifungue wewe, nahitaji kuhesabu mizunguko ya waya wa zamani kabla sijasuka, ikipungua moto unakuwa mdogo kwenye kuvuta kamba. Andika pia rangi za waya na upande ilipokaa.