Hamsta wawili wanapigana na mmoja anatafuna nyaya za kizimba usiku kucha. Naomba ushauri

Shani_K (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Nina hamsta wawili aina ya Siria, umri kama wiki nane, nimeuziwa kama ndugu wa uzao mmoja. Wanakaa pamoja kwenye kizimba cha waya cha sm 60 kwa 35 chenye ghorofa mbili. Chini nimeweka maranda ya sm 4, gurudumu la sm 17 na kinyumba kimoja cha plastiki.

Mwanzo walikuwa wanalala wamelaliana. Sasa kila jioni wanafukuzana na kupiga kelele, na mdogo amechanika sikio. Huyo mdogo hatoki kwenye kona mpaka mwenzake alale, halafu anatafuna nyaya mpaka manyoya ya juu ya pua yameisha.

Naomba kujua: wataelewana wakikua? Nimpe nini atafune badala ya nyaya? Mkubwa ana madoa meusi kwenye nyonga, pande zote mbili, je ni majeraha? Na harufu: naosha kizimba chote kila wiki lakini inarudi haraka. Jinsia zao sina uhakika nazo.

Nuru_B

Dada Shani, watenganishe leo, usingoje kesho. Hata ndoo pana ya plastiki yenye maranda, maji na kinyumba cha boksi itafaa kwa usiku mmoja au miwili. Hamsta wa Siria akishafika wiki sita hadi nane anaanza kudai eneo lake, na undugu hauna kazi tena hapo. Hawataelewana wakikua. Watazidi, na kwa kawaida mwisho wake ni mmoja kuuawa au kudhoofika kwa kunyimwa chakula na usingizi. Wakati mwingine hakuna hata damu: aliyeshindwa anajikunja kwenye kona tu, anapungua uzito, na mwenye nyumba anadhani ni mpole.

Watafiti waliofukua mashimo ya hamsta wa porini mpakani mwa Siria na Uturuki (kazi yao ilichapishwa mwaka 2001) hawakukuta shimo hata moja lenye wakubwa wawili. Ni jike na watoto wake, au mmoja peke yake. Kwa hiyo usihangaike kuwazoesha upya kwa kuweka waya katikati. Kila mmoja atakuwa ananusa adui siku nzima bila pa kukimbilia. Vizimba viwili, na ikiwezekana visiangaliane.

Kulala pamoja kulikokuwepo mwanzo kusikudanganye. Kwenye kizimba chenye kinyumba kimoja hawana pengine pa kulala.

Dk_Mifugo

Naongezea upande wa tiba kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza mnyama bila kujua.

Sikio lililochanika: chemsha maji, yapoe, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye ml 300, safisha kwa pamba iliyokamuliwa mara mbili kwa siku. Usipake mafuta wala krimu, atailamba yote. Mkague shavuni, mgongoni na karibu na mkia, kwa sababu jino la hamsta linaacha tundu dogo linalofunga haraka na usaha unabaki ndani. Ukigusa uvimbe laini wenye joto baada ya siku chache, hilo ni jipu na linahitaji daktari wa mifugo alifungue.

Usimpe antibiotiki za binadamu ulizonazo ndani. Amoksilini, ampisilini na penisilini zinaua bakteria wazuri wa utumbo wa hamsta, wale wabaya wanashika nafasi na kutoa sumu, na mnyama anakufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Daktari anayejua wanyama wadogo atachagua dawa nyingine, tena kwa kipimo cha gramu za uzito wake.

Jinsia: mweke kwenye chombo cha plastiki kinachoonyesha, umtazame kwa chini. Dume ana nafasi pana kati ya tundu la mkojo na mkundu, na kwa umri huo korodani zinajaza sehemu ya nyuma ionekane kama imechongoka. Jike matundu yake yako karibu sana na utaona safu mbili za chuchu. Kama ni dume na jike, hesabu siku kuanzia leo unapowatenga. Mimba ya hamsta wa Siria ni siku 16 hadi 18 tu, na wanaweza kushika mimba tangu wiki ya nne au ya tano. Andika tarehe.

FundiBoksi

Hilo la nyaya linaanzia kwenye kizimba, meno si tatizo lake. Meno ya mbele ya hamsta hayaachi kukua, ni kweli, na kijiti cha mtufaha usiopuliziwa dawa kinasaidia kuyapunguza. Ila anayeng'ata waya uleule saa nzima anatafuta pa kutokea au pa kuchimba. Ukimwekea vijiti kumi bila kubadilisha makazi, atarudi kwenye waya.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, walichapisha jaribio la kuweka hamsta kwenye matandiko ya kina cha sm 10, 40 na 80. Wa sm 10 ndio waliotafuna nyaya zaidi na kukimbia kupita kiasi kwenye gurudumu. Wa sm 80 hawakuonekana wakitafuna kabisa. Wewe una sm 4, na hizo hata mgongo wake hazifuniki.

Ghorofa mbili hazimsaidii. Hamsta haoni vizuri na hawezi kukadiria kimo, akifika ukingoni anajiachia tu. Kuanguka kwa sm 30 kwenye sakafu ngumu kunatosha kuvunja mguu. Anachohitaji ni eneo la chini lililo wazi na kina. Lenga sm 100 kwa 50 kwa kila mmoja, na kimo kisipungue sm 50.

Njia rahisi ni tangi la samaki la zamani au sanduku la mbao lenye kioo mbele. Kwa mbao: paka ndani rangi ya maji isiyo na sumu, iache ikauke mpaka harufu iishe kabisa, ziba maungio kwa silikoni ya matangi ya samaki, kwa sababu mkojo ukiingia kwenye mbao hautoki. Juu weka fremu ya waya mgumu, matundu yasizidi sm 1. Mfuniko wa plastiki uliotobolewa vitundu vichache haufai, hewa nzito na unyevu vinabaki chini alipolala.

Sasa matandiko, na hapa uwe mvumilivu. Eneo la sm 100 kwa 50 kwa kina cha sm 30 ni lita 150 zikiwa zimeshindiliwa, kwa hiyo nunua zaidi ya hapo. Mwaga tabaka la sm 10, tandaza nyasi kavu nyembamba, shindilia kwa viganja vyote viwili kwa nguvu, kisha tabaka lingine. Nyasi zile ndizo zinazoshika dari ya shimo. Ukimwaga tu bila kushindilia, handaki linaporomoka kila akichimba na baada ya siku mbili tatu anakata tamaa. Jaribu kwa kidole: choma tundu la wima, toa kidole, tundu libaki wazi.

Aina ya matandiko: karatasi laini iliyosagwa isiyo na manukato, au maranda yaliyochekechwa vumbi. Mierezi usiguse, na msonobari mbichi usiokaushwa kwa joto pia, mafuta yake yanaunguza mapafu na kuchosha ini. Pamba na zile nyuzi laini zinazouzwa kama kitanda cha hamsta zitupe. Uzi unajizungusha mguuni mpaka damu inakatika, na akiumeza unaziba utumbo. Karatasi ya choo nyeupe iliyochanwa vipande virefu inatosha, ataipeleka mwenyewe shimoni mashavu yakiwa yamejaa.

Kitu chochote kizito (gurudumu, bakuli la udongo, kinyumba cha mbao) kikae kwenye jukwaa lenye miguu inayofika sakafu ya kizimba. Kikilala juu ya matandiko, siku atakayochimba chini yake kitamkandamiza. Kinyumba kisiwe na sakafu, ashuke moja kwa moja kwenda shimoni.

Mlezi_wa_Usiku

Gurudumu la sm 17 nalo liondoke. Mtazame kwa ubavu akikimbia: kama mgongo umepinda kama upinde na kichwa kimeinuka, ni dogo. Hamsta wa Siria anahitaji kipenyo cha sm 28 au zaidi, wale wadogo wa kibeti sm 20. Sehemu ya kukanyagia iwe imezibwa yote. Zile za vijiti zinakamata mguu. Na mpira wa plastiki wa kumzungusha sakafuni usimnunulie, humo hawezi kusimama anapotaka wala kunusa njia.

Kuhusu harufu, unaosha mno. Hamsta anajua kwake kwa kunusa, ukifuta alama zake zote kila wiki anaanza upya kuziweka, tena kwa wingi. Ndiyo maana inarudi haraka. Fanya hivi: weka trei ya mchanga ya sm 30 kwa 20, kina cha sm 4. Mchanga uwe mkavu, umeoshwa, wa punje ndogo zinazoonekana. Ule unga mweupe laini usiutumie, unaingia mapafuni. Wengi watakojoa humo wenyewe, na pia watajigaragaza kusafisha manyoya. Kila siku toa mabonge yaliyoloa kwa kijiko. Kwenye matandiko toa sehemu iliyolowana tu. Ukifika wakati wa kubadilisha, kila baada ya wiki sita hadi nane, toa theluthi moja na urudishe mengine.

Stoo yake ya chakula usiifagie yote. Kagua mboga mbichi zilizoanza kuoza, toa hizo, acha nafaka.

Shani_K

Asanteni sana wakuu. Nimeshawatenga. Nimeangalia kama Dokta alivyoelekeza: mkubwa ni dume, mdogo mwenye sikio ni jike. Nimeandika tarehe. Sasa huyu jike nimlisheje, na kama ana mimba nifanye nini? Je, nihamishe kwenye kizimba kikubwa mara kikiwa tayari?

Dk_Mifugo

Kama kizimba kikubwa kinakamilika ndani ya siku chache, mhamishe mapema, ukichukua na matandiko yake ya zamani ili anukie kwake. Ikipita wiki moja tangu umtenge na bado hakijawa tayari, mwache alipo mpaka zipite zile siku 18. Jike akihamishwa karibu na kuzaa, au mara tu baada ya kuzaa, anaweza kuwala watoto. Akizaa, wiki mbili za kwanza usiguse kiota, usisafishe, usipige picha kwa mwanga. Weka chakula na maji kwa utulivu, uondoke. Chupa ya maji iwe na ncha ya chini ambayo watoto wanaifikia wakianza kutembea, na bakuli liwe la kina kifupi sana.

Watoto watenge madume na majike wakifikisha wiki nne, usipitishe, na kila mmoja apewe kizimba chake kabla ya wiki ya nane. Wanaweza kuwa wanane au zaidi, kwa hiyo anza sasa hivi kutafuta watu wa kuwachukua.

Chakula: mchanganyiko wa mbegu na nafaka wenye protini ya asilimia 16 hadi 18, takriban gramu 10 kwa siku kwa hamsta wa Siria. Mtawanyie juu ya matandiko autafute, ndiyo kazi yake ya usiku. Mwenye mimba au anayenyonyesha aongezewe ute wa yai lililochemshwa au kuku aliyechemshwa bila chumvi, kipande cha ukubwa wa kucha, kila siku. Mboga kama tango, brokoli au karoti, kipande kisichozidi sikio lake. Machungwa, vitunguu, chokoleti, maharage mabichi na viazi vibichi hapana.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni, ndani ya bakuli. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, mpeleke. Na nyuma akilowa na kuhara maji, hasa huyu aliyetoka kwenye msongo, usisubiri asubuhi. Huo ugonjwa wa mkia kulowa unaua hamsta wachanga ndani ya saa 48 hadi 72.

Nuru_B

Joto pia, dada. Nyuzi 18 hadi 26 ndiyo raha yake, mbali na dirisha lenye jua. Tangi la kioo juani linageuka tanuri. Kukiwa na baridi kali na chakula kidogo anaweza kuzizima: mwili baridi, mgumu kiasi, pumzi moja moja. Usimzike. Tazama sharubu kwa makini, zikitetemeka yuko hai. Mpashe taratibu kwa viganja, kwa nusu saa au zaidi, bila maji ya moto wala kikausha nywele, kisha umpeleke kwa daktari.

Mlezi_wa_Usiku

Naona swali la madoa halijajibiwa. Kwa dume wa Siria, madoa meusi mawili yanayolingana, moja kila nyonga, ni tezi za harufu. Zina ngozi nyeusi, manyoya machache, na zinalowa akizilamba. Ni kawaida kabisa, usizipake kitu. Kinachotakiwa kumpeleka kwa daktari ni doa la upande mmoja tu, linalokua, lenye kigaga au linalotoa damu.