Nimebakisha 3,200 pekee, nimlipie huyu mama nyumba ama nirudishe kwa biashara?

Mama Leso: Habari zenu wapendwa. Niko Nyalenda hapa Kisumu, kazi yangu ni kuuza omena (dagaa) pale soko la Kibuye. Sasa mnajua Aprili mpaka Julai uvuvi wa omena hufungwa ziwani, nimekuwa nikijishikilia na nyanya na vitunguu, na pesa ya kurudia omena ni hii tu 3,200 nimefunga kwa leso. Kuna mama jirani landlodi amemfungia nyumba, ako na watoto wawili na mvua ndio hiyo. Kodi ni 3,000. Jumapili mhubiri akasoma Marko 12, yule mjane wa senti mbili, nikaona ni mimi naambiwa. Siku mbili sijalala. Nitoe?

Mzee wa Kibos: Toa mama. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja ya unga na bado Eliya akaandaliwa kwanza.

Kapteni Kondele: Huyo mhubiri alianzia mstari wa ngapi? Wa 40 unasema juu ya wanaokula nyumba za wajane, halafu wa 41 ndio sanduku la hazina. Hapo huwa wanaparuka haraka sana 😂

Mama Leso: Hii si sadaka ya kanisa, pasta hata hajui.

Kijana Bondeni: Mimi nimelelewa Nakuru, mamangu alipeana jiko letu la mafuta kwa mtu amezaa, tukapikia kuni kwa koridoo miezi mitatu, macho yananiwasha mpaka leo nikikumbuka. Watu walimsifu sana. Sisi watoto hakuna aliyetuuliza.

Nyar Ahero: Dada, huyo jirani hana ndugu? Kwa nini wewe? Na mzee wako anasemaje?

Mama Leso: Mzee hayuko.

Nyar Ahero: Hayuko wapi?

Mama Leso: Sawa, wacha niseme. Huyo mama ndiye mzee alihamia kwake mwaka juzi. Sasa ametuacha sisi wote wawili, hatujui ako wapi.

Kapteni Kondele: Weeeh! Kumbe ni Warumi 12, makaa ya moto kichwani!

Mama Leso: Sio makaa. Yule mtoto mdogo ana sura ya wangu, mnataka alale nje? Na landlodi nimeshamwambia nakuja kesho asubuhi.

Nyar Ahero: Sasa ushauri unaomba wa nini kama umeshaamua?

Mzee wa Kibos: Kutoa ni moyo lakini 2 Wakorintho 8 inasema mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa asivyo navyo. Na watoto wako watakula nini?

Jicho Pevu wa Mtaa: Ngojeni kwanza. Kuna mtu alileta hadithi kama hii hapa, mume kapotea, mke mwenza kafungiwa, mvua. Hii imetungwa. Hamjui kinachofuata ni namba ya simu tuchange?

Mama Leso: Nimeomba shilingi ya nani?

Jicho Pevu wa Mtaa: Haya, kama unauza omena kweli, ya watu na ya kuku unazijuaje?

Mama Leso: Ya watu imekaushwa na jua, inang'aa kama fedha, ukiishika haina mchanga. Ikinyeshewa ikiwa imeanikwa inageuka rangi na kunuka, hiyo ndio wenye kuku wanachukua bei ya hasara. Ingine?

Jicho Pevu wa Mtaa: Hapana. Samahani mama.

Kijana Bondeni: Patana na landlodi umlipe nusu, usipeleke yote.

Mama Leso: Nimetoka huko sasa. Amekubali 1,500, ingine huyo mama atamalizia mwisho wa mwezi. Nimebaki na 1,700. Kufuli imefunguliwa, mtoto mdogo ndiye aliingia kwanza akiwa amebeba godoro kichwani. Mamake hajasema asante, hata usoni hakuniangalia. Ameniuliza tu omena inafunguliwa lini.