Nyumba za kulaza wageni kijijini: tuwawekee masharti wenye nyumba, au tuwaache?

Mtoa hoja:
Halmashauri ya kijiji chetu, hapa pwani ya Mtwara Vijijini, imeandaa rasimu ya sheria ndogo inayomtaka kila anayepangisha nyumba kwa siku ajisajili, aweke daftari la wageni na awe na mwangalizi anayeishi kijijini. Naiunga mkono, ila imeacha jambo lililo zito kuliko daftari. Desemba iliyopita nilimsaidia mwalimu mmoja kufunga godoro na mtungi wa gesi juu ya bodaboda, kwa kuwa mwenye nyumba, anayeishi Dar es Salaam, alibaini kuwa wageni wa siku mbili tatu wanamlipa kodi ambayo mwalimu alikuwa akiitoa kwa mwezi mzima. Hapakuwa na ugomvi. Aliambiwa tu kuwa mkataba (wa mdomo, kama ilivyo desturi yetu) umekwisha. Sasa amebanana na mwenzake katika chumba kimoja, na nyumba ile siku nyingi naiona na kufuli mlangoni. Napendekeza kifungu kimoja zaidi: anayelaza wageni kwa siku awe anaishi humo au katika uwanja huohuo, na nyumba isiyo na mwenyeji ipangishwe kwa mwezi.

Mchangiaji:
Shikamoo mzee, naomba nipingane nawe. Mama yangu alijenga vyumba vyake kwa fedha za korosho, na korosho hulipa msimu mmoja, minada inapofunguliwa kuanzia Oktoba; ikifika Mei, wakati wa kupulizia mikorosho salfa, dawa ya kuzuia ukungu, ndani hakuna kitu. Wageni wa ufukweni ndio wanaolipia kazi hiyo. Hivi sasa yuko Mikindani kwa dada yangu kwa ajili ya matibabu, na kwa kifungu chako atahesabiwa sawa na tajiri wa Dar es Salaam. Isitoshe, kodi za Mtwara mjini zilipanda wakati wa vuguvugu la kutafuta gesi asilia, zikashuka zenyewe watafiti wa gesi walipoondoka, bila sheria ya mtu.

Mtoa hoja:
Marahaba, mwanangu. La mama nalikubali, na kifungu kimpe nafuu mkazi aliyeondoka kwa ugonjwa. Mfano wa gesi siukubali, kwa sababu kodi zilishuka baada ya wapangaji kuwa wamekwisha kuhama, na shule yetu haiwezi kumsubiri mwalimu mpaka kodi zishuke. Lipo pia suala la utaratibu. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, halmashauri ya kijiji haiwezi kuipitisha rasimu hii kimyakimya: ni lazima ipate maoni ya wanakijiji mkutanoni, kisha halmashauri ya wilaya iidhinishe. Na mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji ni mkazi aliyetimiza miaka 18, awe na nyumba au asiwe nayo, kwa hiyo mwalimu yule ana sauti pale kuliko mwenye nyumba wake. Mama yako akipata nafuu kabla ya siku hiyo, mlete aseme mwenyewe. Nitampisha azungumze kabla yangu.