Mafuriko ya "miaka mia" mbona yanarudi haraka hivi?

mtu_wa_kasese: Wadau, kuna injinia alituambia mafuriko ya mto Nyamwamba hapa Kasese, Uganda, ya 2013 ni ya miaka mia, haya 2020 mto ukarudi tena, nikakuta jiwe ukubwa wa meza limekaa uani kwangu. Sasa hiyo hesabu ni ya wapi?

hesabu_tu: Kaka, miaka mia si ratiba ya basi. Maana yake kila mwaka uwezekano ni asilimia 1, so ukikaa hapo miaka 30 kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 26. Ukichukua mito kumi, kila mmoja kivyake, kwamba walau mmoja utafikia kiwango hicho mwaka huu ni karibu asilimia 10.

mama_bwera: Ila mito haiendi kivyake bwana, mvua moja kubwa milima ya Rwenzori inashusha mto Nyamwamba na jirani yake Mubuku pamoja. Halafu vipimo vya mto mmoja mara nyingi ni vya miaka michache, ndo maana wataalamu huunganisha data za mito inayofanana ya eneo zima ili kukadiria hiyo "miaka mia". Na mto ukishajaa mawe, maji kidogo tu yanamwagika.

mtu_wa_kasese: Duh. Ile ploti ya bondeni basi siinunui.