Picha za Idi za watoto: tuwaangaze sura au tuwaache na rangi zao?

Mpiga Picha wa Mkunguni
Assalaam alaykum. Naleta hili kwa sababu kila Idi ni kesi ile ile. Nawapiga picha watoto hapa Lamu, mbele ya ngome na kule usita wa pwani, ile njia ya kando ya bahari, jioni picha zikitoka kila mzazi ana lake. Mmoja ananiambia mtoto katoka mweusi, mpandishe kidogo. Wa pili mtoto wake nimemwacha alivyo, ananiambia mbona rangi za nguo zimelala, gauni la mwanangu lilikuwa jekundu hasa. Wa tatu anataka ile kahawia ya picha za zama za babu, kanzu mpya kabisa ionekane imetoka sandukuni. Mimi mwenyewe napenda ngozi iwe ngozi na bahari iwe bahari. Basi nauliza: nani mwenye neno la mwisho juu ya rangi ya picha ya mtoto, mpigaji au mlipaji?

Mamake Mapacha
Mlipaji. Imekwisha.

Bint Shela
Haijakwisha. Mlipaji akitaka mtoto apakwe mkorogo wa kompyuta, nawe utampaka? Mtoto wa miaka minne anaoneshwa picha yake ukutani akiwa mweupe kuliko mamake aliyemzaa. Kila mgeni akiingia anasifu picha, mtoto yuko pale anasikiliza. Halafu akifika kumi na sita mnamkuta na kopo la krimu chini ya mto mnashangaa.

Mamake Mapacha
Mkorogo umetoka wapi hapa, dada? Wanangu weusi ti, na nawapenda kwa weusi wao. Ninayemlalamikia mimi ni mpigaji mmoja, simtaji, aliyenifutia wanja wa watoto. Mamangu aliwatia wanja nyusi zote mbili, akawatia na kidoa juu ya paji la uso kwa ajili ya mato ya watu. Picha zikaja nyuso zimesuguliwa kama sahani, kidoa hakuna, nyusi zimechongwa nyembamba kama za biharusi. Namuuliza, ananijibu "nilidhani ni uchafu." Na huyu ni mtu wa pwani, kakulia humu humu!

Mmalindi
😂😂 Nyusi za biharusi kwa mtoto wa miezi minane.

Mzee wa Chumba cha Giza
Mwazungumza kama kwamba filta imezaliwa na simu. Sisi tulikuwa tukichapa picha nyeusi na nyeupe, kisha tunapaka rangi juu yake kwa mkono: shavu, midomo, ua la kikoi. Ukikosea kidogo mtoto ana midomo ya bibi. Na hapa hapa Lamu tulikuwa na marehemu Omar Said Bakor na studio yake, akikata na kubandika, sura ya mtu ikatokea mahali ambapo sura haikai. Watu walizipenda, hakuna aliyesema kadanganywa. Picha ya studio ilikuwa pambo, mtu akitaka ushahidi aende kortini.
Na nyinyi mnaotaka "rangi ya kweli", kweli ya nani? Filamu yenyewe ilipimwa kwa ngozi ya mzungu. Kodak walikuwa wakipeleka kwenye maabara kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, wakiiita Shirley. Unatengeneza mashine mpaka Shirley apendeze, ndipo unachapa picha za wateja. Sisi tukija nyuma yake tunatoka meno na macho.

Kijana wa Langoni
Hiyo naijua. Walibadilisha baada ya watu weusi wa Marekani kuandamana, miaka ya sabini.

Bint Shela
Hawakuandamana kwa hilo, nduyangu. Waliowasumbua Kodak ni watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha, kwamba kwenye picha zao kahawia zote zinatoka moja, mbao hii haijulikani na ile. Ngozi zetu zikafaidika kwa jina la kabati. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja baadaye sana, miaka ya 1990. Na 2021 Google wametoa simu ya Pixel 6 wakijisifu na kitu walichokiita Real Tone, eti sasa kamera inaona ngozi nyeusi vizuri. Sasa! Kwa hivyo Mzee, hoja yako inanisaidia mimi. Mashine imetuonea kwa miaka yote hiyo, halafu na sisi wenyewe tuisaidie?

Mzee wa Chumba cha Giza
Sikusema ninakupinga. Nimesema msijifanye malaika.

Mkomani Damu
Chokoleti tumeelewa. Kinachoniudhi mimi ni hizi rangi za kupiga kelele. Bahari buluu ya sabuni, gauni jekundu linavuja mpaka shingoni, mtoto mwenyewe rangi ya chungwa. Hiyo ni ladha ya mtaa wa Langoni. Sisi wa mtaa wa Mkomani tunapenda rangi iliyotulia.

Kijana wa Langoni
Umeanza.

Kijana wa Langoni
Nimerudi, nilikuwa kazini. Rangi iliyotulia au nyumba iliyouzwa? Majumba mangapi huko kwenu mwenye ufunguo ni mzungu, anakuja mwezi mmoja kwa mwaka? Ndiyo maana na picha mnazitaka za kitalii, kahawia, ukuta umebambuka, mtoto kakatazwa kucheka. Langoni watu wangali wanaishi. Wana watoto, na watoto wanavaa nguo za rangi, na siku ya Idi ni siku ya furaha, si makumbusho.

Mkomani Damu
Nyumba yetu haijauzwa na haitauzwa. Njoo ubishe hodi, uone nani atakufungulia.

Kijana wa Langoni
Nitakuja na gauni jekundu.

Mmalindi
Watu wa Lamu mna mji mmoja, mtu anautembea kwa miguu kutoka mwanzo mpaka mwisho na chai yake bado ya moto mkononi, na bado mmeugawa mara mbili.

Mkomani Damu
Malindi nyamazeni. Nyinyi mmeshakuwa Waitaliano, hata samaki mnamtia jibini.

Mmalindi
Tangu 1498 tunalaumiwa kwa kumpa Vasco da Gama rubani, hili la jibini ni dogo, tutalibeba.

Shangazi Ughaibuni
Mimi niko mbali na naomba mnisikilize. Huku nilipo mbingu ni kijivu miezi sita. Ninapoletewa picha za wana wa ndugu zangu nataka rangi zipige kelele mpaka jirani asikie! Mwaka juzi nililetewa moja ya hizo za kahawia, mtoto kasimama peke yake kichochoroni, kanzu rangi ya udongo. Nilipiga simu nyumbani mbio mbio nikidhani kuna msiba.

Kijana wa Langoni
Shangazi wewe ni wa Langoni tu, sema.

Shangazi Ughaibuni
Nimezaliwa Mkomani. 😅

Mwalimu Mstaafu
Wanangu, mui huu una maneno ya mitaa tangu enzi za Zena na Suudi, yale makundi mawili ya kale yaliyoshindana humu, hamtayamaliza yeo. Mimi nina swali la kikwetu. Mjukuu wangu kapigwa picha kwenye harusi, uwani, mchana, hana filta wala nini. Katoka buluu. Sura buluu, mikono buluu, hata meno. Nduguye aliyekuwa kasimama mlangoni katoka vyema. Wangine waniambia ni simu mbovu. Ni kitu gani?

Mpiga Picha wa Mkunguni
Mwalimu, shikamoo. Juu ya ua palifungwa turubai la buluu, sivyo? Hilo ndilo. Jua linapita kwenye turubai linashuka na rangi yake, kila kilicho chini kinapakwa. Mato yetu yanazoea baada ya dakika chache tunaona kawaida, kamera hujaribu ila haiyafikii mato. Ukiiambia kamera nyeupe ni ipi, kwa mfano ukaielekeza kwenye kanzu iliyo chini ya turubai lile lile, inarekebisha kiasi. Lakini mmoja akiwa chini ya turubai na mwengine mlangoni, ukimponya huyu yule anageuka manjano. Dawa ni kumtoa mtoto nje ya turubai.

Na hapa ndipo nataka kumjibu Bint Shela, maana neno la "mkorogo wa kompyuta" limenikaa. Si kila kuangaza ni kumchubua mtoto. Chukua asubuhi ya Idi. Watu wanatoka kuswali, wanateremka usita wa pwani, na ule usita unatazama kisiwa cha Manda, mashariki, yaani jua la asubuhi linakuja usoni moja kwa moja. Mtoto ukimgeuza alitazame, anafumba mato. Ukimpa mgongo jua, sura inaingia kivulini na kanzu inawaka. Sasa kamera inavyopima: inachukua wastani. Ikiona weupe mwingi wa kanzu na maji yanayometa, inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Kanzu inapoa, na sura ya mtoto inazama gizani. Hapo mtoto hakutoka mweusi kwa sababu ni mweusi. Katoka mweusi kuliko alivyo. Nikipandisha sura namrudishia alichonyang'anywa na kamera. Kipimo changu ni kanzu: ikitoka nyeupe, haina buluu wala manjano, najua na ngozi imekaa mahali pake.

Mkorogo ni kitu kingine, na unaujua kwa mlango. Programu zinazong'arisha ngozi zinagusa rangi ya chungwa, kwa sababu ngozi za wanadamu karibu zote, nyeusi na nyeupe, kompyuta inazihesabu humo kwenye chungwa na nyekundu. Ukipandisha chungwa mtoto anang'aa. Lakini na mbao ni humo humo. Ukiona picha ya mtoto mbele ya mlango wa nakshi, na mlango umepauka kama umekaa juani bila mafuta tangu ujengwe, basi jua mtoto kaoshwa.

Mzee wa Chumba cha Giza
Hilo la mlango umelisema vizuri. Ongeza na punda. Punda wa kahawia akitoka rangi ya mchanga, kuna kazi imefanyika.

Bint Shela
Nimekuelewa kuhusu kivuli, na sikuwa nakusema wewe. Lakini hujajibu swali langu. Mzazi anasimama mbele yako, mtoto katoka sawasawa, kanzu nyeupe, mlango mlango, na bado anakwambia mpandishe. Utampandisha?

Mamake Mapacha
Na mimi nina swali ambalo wapiga picha wote hamlijibu. Kwa nini picha za wanangu naziona kwenye ukurasa wa biashara wa studio, watu wasiowajua wanaweka mioyo, na mimi sikuulizwa?

Mkomani Damu
Hapo uko sawa. Kuna sheria ya Kenya ya 2019 ya kulinda taarifa za watu. Mtoto hawezi kutumiwa hivyo bila idhini ya mzazi wake.

Kijana wa Langoni
Leo nakubaliana na Mkomani, andikeni tarehe.

Mamake Mapacha
Sheria ni yenu. Mimi nasema habari ya kijicho. Mamangu anatia kidoa ili mtoto asitazamwe, nyinyi mnakifuta, halafu mnamtundika mbele ya mji mzima.

Mmalindi
Mambo ya kijicho kwenye 2020 na kitu, mama?

Mamake Mapacha
Weka picha ya mwanao hapa bila kidoa basi, tuone.

Mmalindi
…sitaweka.

Mwalimu Mstaafu
Kweli turubai lilikuwa buluu. Nimeuliza. Lilikodishwa.

Shangazi Ughaibuni
Jamani, na huku tunaoletewa picha kwa WhatsApp, mbona kwenye simu zinawaka, nikichapisha dukani zinatoka giza? Nimeshagombana na muuza duka.

Mpiga Picha wa Mkunguni
Muuza duka hana kosa, Shangazi. Simu inatoa mwanga wake yenyewe, na wengi tunaiweka mwanga wa juu kabisa. Karatasi haina taa, inategemea mwanga wa chumbani. Ukitaka kujua picha itatokaje, shusha mwanga wa simu hadi nusu ndipo uitazame. Na WhatsApp inazibana picha ili zipite haraka, kwa hivyo usichapishe kubwa kutoka humo. Omba faili yenyewe, ama uletewe kama dokumenti.

Mkomani Damu
Faili yenyewe mnaidai pesa nyingine. Kazi ni kubonyeza tu, simu inafanya yote, lakini bei!

Mpiga Picha wa Mkunguni
Kubonyeza tu. Haya. Njoo asubuhi ya Idi ijayo usimame nami juani uwaweke watoto kumi wa binamu mstari mmoja, mmoja analia, mmoja kavua kofia kaitupa majini, nyanya yao anasema bado mmoja yuko njiani. Ubonyeze. Bint Shela, swali lako nimeliona: huyo mzazi nampa zote mbili, iliyopandishwa na isiyopandishwa, na nyumbani wataamua wenyewe ipi inatundikwa. Najua hutaridhika. Na faili natoa bure kwa anayeomba, alimradi aje na flashi yake ya kubebea faili, kwa sababu zangu nilizoazima watu Idi iliyopita hazijarudi hata moja.

Bint Shela
Siridhiki.

Kijana wa Langoni
Hizo flashi, aliazimwa nani wa Mkomani?

Mkomani Damu
Zitafuteni kwenye mfuko wa gauni jekundu.