Naomba ushauri: chuo cha kusomea uchumi, kipato cha baadaye na deni

Ndugu zangu, binti yangu amekubaliwa na vyuo viwili hapa Marekani kusomea shahada ya uchumi, nasi tumevilinganisha kwa College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu inayoonyesha, kwa kila fani, kipato na deni la mhitimu wa katikati (yaani nusu ya wahitimu wako juu ya kiwango hicho na nusu chini yake). Chuo cha kwanza kinaongoza kwa kipato, na kwa deni pia. Kinachonitatiza ni kwamba takwimu hizo zinahusu waliopokea msaada wa serikali ya shirikisho pekee, na deni hilo halijumuishi mikopo ya benki binafsi wala ile ya wazazi, ambayo ndiyo ingenielemea mimi. Je, mliopitia haya, mlipimaje deni dhidi ya mshahara wa miaka ya mwanzo?